Wifi Anajua Njia

Kazini kwetu kuna sheria moja ambayo hata bosi mwenyewe haivunji: kabla ya maji, mifuko, kabla ya pasi, mifuko tena. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi kwa dobi, na mifukoni mwa watu nimetoa vitu ambavyo wenyewe wangetamani nisiwe nimeviona. Barua, pete, dawa, hata meno ya bandia ya mzee mmoja aliyeyafuata siku ya pili akiwa ameziba mdomo kwa leso. Natoa, natia kwenye bahasha, naandika namba, nanyamaza.

Basi Jumamosi ile asubuhi, siku ya tatu tangu wifi yangu aje kututembelea, nilichukua gauni lake la kijani nimpigie pasi. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Ukatoka na tiketi mbili za basi. Za siku ileile, saa kumi alasiri. Moja ya mtu mzima, na ndani yake imekunjwa nyingine, ya mtoto.

Nyumbani kwangu mtoto ni mmoja tu. Ana miaka saba, na tunamwita Chiriku kwa sababu tangu aanze kusema hajapumzika. Alikuwa chumbani wakati huo, namsikia anamfundisha shangazi yake majina ya wanafunzi wote wa darasa lake, mmoja mmoja, na nani alimpiga nani.

Nilisimama na pasi hewani mpaka ikaanza kutoa moshi.

Lazima niseme kwamba sikushangaa. Niliogopa, ndiyo, lakini sikushangaa. Mume wangu alikuwa na miezi kumi na minne kaburini. Tulimzika kwao, safari ya mchana na usiku, na siku ya kuondoka mama mkwe alimshika Chiriku kidevu akasema mbele ya watu wote, "Huyu atakuja kukulia kwao." Hakuna aliyempinga. Wifi alikuwa amekaa pembeni yake, mkavu, hakunitazama. Yeye ndiye mkubwa wao, na hata marehemu alikuwa akimwita Jemadari. Siku ya harusi yetu hakuna hata mmoja wao aliyekuja, na nilijua amri ilitoka wapi. Nami nina hasira, sikatai. Wiki ile ile ya harusi niliapa mbele ya mume wangu: jina la watu wale lisitajwe ndani ya nyumba hii. Miaka tisa halikutajwa.

Halafu, bila habari, anabisha hodi na begi moja. "Nimekuja kutembea tu, wifi. Nione na bustani aliyokuwa akifanyia kazi ndugu yangu." Kutembea tu! Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako. Wangu nilikuwa namnyooshea kola.

Ningeweza kumvaa palepale. Mdomo ninao. Lakini nilijua kitakachofuata: angepiga simu kwao, kesho wangekuja wajomba na baba wadogo, kikao kingeitishwa sebuleni kwangu, na mimi ni mmoja na wao ni ukoo. Hapana. Basi linaondoka saa kumi. Likiondoka bila yeye, Jumatatu shule zinafunguliwa, Chiriku yuko darasani, na mimi nitakuwa nimeshapata siku mbili za kufikiri. Nikazirudisha tiketi jinsi zilivyokuwa, ya mtoto ndani ya ya mkubwa, nikamaliza gauni, nikalitundika.

"Wifi," nikamwambia kwa sauti tamu ambayo mimi mwenyewe sikuitambua, "si ulitaka kuiona bustani? Leo twende. Tutaizunguka yote, kwa miguu."

"Yote?" akauliza.

"Yote. Mtu haji mjini akaona nusu."

Bustani ile ni kubwa. Ukiingia geti la mashariki ukafuata kila kijia, jua linakuzamia ndani. Dawa yake ni miguu, nikawaza. Nitamtembeza mpaka basi limsahau.

Tulifika getini saa saba mchana. Pale mlangoni kuna ubao mkubwa wenye ramani, na kila mgeni husimama hapo kwanza, anaweka kidole, anapotea kwa kidole kabla ya kupotea kwa miguu. Wifi hakuutazama. Alifanya kitu kingine: alivua saa yake ya mkononi akaitia ndani ya begi.

"Mbona unavua saa?" nikauliza.

"Leo sitaki inisumbue."

Uongo. Mtu mwenye basi la saa kumi anavua saa ili nani asijue wakati? Mimi sina saa, na simu yangu nilikuwa nimeiacha kwenye chaji kwa haraka ya kutoka. Alikuwa ameliona hilo. Nikamshika Chiriku mkono.

"Tuanzie ziwani," akasema wifi, na tayari alikuwa ameshakata kushoto. "Huko kulia ni vyoo na duka la kofia."

Nikasimama. "Si umesema hujawahi kufika mji huu?"

"Sijawahi."

"Sasa vyoo umevijuaje?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa. "Vyoo vya bustani si huwa karibu na geti?"

Tukaenda. Njia ile inapita kati ya vitalu vya mawaridi, na mawaridi yalikuwa yamechanua kwa fujo, mekundu na ya manjano, lakini mimi sikuyaona. Nilikuwa naona kisigino cha kiatu chake. Viatu vya safari, vya kufunga kamba. Nani anavaa viatu vya safari na gauni lililopigwa pasi?

Chiriku akaanza kulia kiu. Nikasema nitamnunulia maji mbele. Wifi akasema bila kugeuka, "Bomba la kunywa liko nyuma ya ukuta wa mawaridi. Kuna koki mbili, afungue ya kushoto. Ya kulia inarusha."

Chiriku, kwa kuwa ni Chiriku, alikimbia akafungua ya kulia. Maji yakampiga kifuani, akapiga kelele za raha. Mimi niliyeishi mji huu maisha yangu yote, niliyeolewa na mtunza bustani wa hapo hapo, sikujua kama nyuma ya ukuta ule kuna bomba.

Hapo sasa mashaka yakawa hesabu iliyokamilika. Amekwisha kuja. Amekuja kwa siri, mara moja au zaidi, akapima kila kona, akajua wapi kuna maji, wapi kuna watu, wapi hakuna. Huu haukuwa mpango wa jana. Nilimtazama anavyomkausha mtoto kwa leso yake, taratibu, nyuma ya masikio, nikatamani kumpokonya ile leso.

Ziwani akasimama ukingoni, akaweka mkono juu ya macho. Vile vimashua vya kukanyaga kwa miguu vilikuwa vimefungwa kamba vyote kwenye gati, vya bluu.

"Kile chekundu kiko wapi?" akauliza.

"Chekundu kipi?"

"Kilichokuwa kikivuja."

Kweli kulikuwa na kimoja chekundu. Mume wangu alinisimulia wakati fulani kwamba kila mtu aliyekipanda alirudi na viatu vilivyolowa. Kiliondolewa mwaka jana, baada ya msiba. Nikamkazia macho. "Wifi, vimashua hivi umeviona lini?"

"Ndiyo kwanza naviona," akasema, akaanza kutembea haraka.

Macho hayana pazia. Nilimwona anavyomeza mate. Mwongo hamezi hivyo kwa sababu ya kimashua.

Tukafika kwenye daraja la mbao. Alimshika Chiriku begani, akamwambia, "Uruke ubao wa tatu, mwanangu. Unabonyea." Mwanangu! Nikaukanyaga ubao wa tatu kwa makusudi, ukabonyea, nusura uniangushe. Katikati ya daraja wifi akasimama, akashika reli kwa mikono miwili, akakaa hapo. Watu wanapita, wanapiga picha, wanatupia bata makombo. Nikamuuliza mpita njia saa. Saa tisa kasoro robo. Vizuri, nikasema moyoni, simama. Simama hapo hapo mpaka uote mizizi.

Ndipo akageuka, macho mekundu, akauliza, "Kutoka hapa, geti la magharibi ni mbali?"

Moyo ulinipiga nikausikia kwenye meno. Geti la magharibi, ukitoka tu, unavuka barabara, uko stendi ya mabasi.

"Limefungwa," nikasema.

"Jumamosi?"

"Wanatengeneza."

"Hmm," akasema, na tukaendelea.

Nilimwingiza kwenye nyumba ya vioo, nikamsomea kibao cha kila mmea. Kila kimoja. Mimi nisiyependa hata kupanda bizari kwenye kopo, siku ile nilisoma majina ya miti ya jangwani kwa sauti, polepole, nikirudia. Joto lilikuwa la kuchemsha yai. Jasho lilimtoka wifi, gauni la kijani likaanza kupoteza ule mkunjo mzuri wa pasi yangu, lakini hakulalamika. Alisikiliza kama aliye msikitini au kanisani. Na katikati ya vibao alikuwa akimhoji mtoto.

"Unalala saa ngapi?"

"Saa tatu, lakini naongea mpaka saa tatu na nusu," akasema Chiriku.

"Ukirudi shule nani anakufungulia?"

"Nakaa kwa dobi na mama mpaka tufunge. Nina kiti changu."

"Unapenda kusafiri?"

"Anatapika," nikaingilia. "Kwenye gari anatapika. Njia nzima. Hakuna anayemweza."

"Mama! Sijawahi kuta..."

"Nyamaza uangalie mti."

Wifi akanitazama moja kwa moja, mara ya kwanza siku ile. Nikamtazama. Kama siyo mtunzaji mmoja aliyekuja kutuambia tusiguse vioo, sijui ingekuwaje.

Tulipotoka, mbele yetu kulikuwa na mzingile. Ni uwanja mzima wa kuta za majani, ndefu kuliko mtu, na katikati yake vijia vinavyozunguka na kurudi, vingine vinaishia ukutani. Watu huingia kwa kicheko. Mume wangu ndiye aliyekuwa akizikata kuta zile, kwa ngazi na mkasi mrefu, wiki tatu kumaliza duara moja, na akimaliza upande wa mwisho, wa kwanza umeshaota. Upande wa pili wa mzingile, ukitoka, ni geti la magharibi.

"Tusiingie," nikasema. "Nimechoka."

Chiriku alikuwa ameshaingia. Nilimwachia mkono sekunde moja ili nifute jasho, sekunde moja tu, na yule mtoto akapotea kwenye majani, na wifi akapotea nyuma yake, na viatu vyake vya kamba.

Nikakimbia. Kulia, kulia, kushoto, ukuta. Nikarudi. Nilisikia kicheko cha mwanangu upande wa pili wa majani, karibu kabisa, ningeweza kunusa nywele zake. Nikaita. Kicheko kikasogea. Kushoto, kushoto, ukuta tena. Nikaita, "Chiriku!" Kimya. Yule mtoto ambaye hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni, kimya.

Ndipo sauti ya wifi ikaja kutoka mbali, kutoka nje, upande wa geti. "Wifi! Weka mkono wa kulia kwenye majani! Usiuinue! Fuata!"

Mimi ni mjinga? Anataka nizame zaidi ndani wakati yeye anavuka barabara. Nikaweka wa kushoto. Nikatembea nimeukandamiza mkono kwenye majani mpaka ukachubuka, nikazunguka, nikazunguka, nikajikuta kwenye pembe ileile yenye karatasi ya peremende niliyoiona mwanzo.

"Wa kulia, wifi!"

Hapo nikapiga yowe. Sijui nilivyopiga, lakini najua nilichosema, maana nililipia aibu yake baadaye. "Mwizi! Ameniibia mtoto! Mshikeni mwanamke wa gauni la kijani! Ana tiketi mbili mfukoni! Ameniibia mwanangu!"

Filimbi ikalia. Miguu ikakimbia. Baada ya muda, chini kabisa ya ukuta uliokuwa mbele yangu, majani yakatikisika na kichwa cha mtu kikatokea, na kofia ya mlinzi.

"Pita hapa, mama," kikasema kile kichwa. "Kwa magoti."

Ulikuwa upenyo. Tundu la chini, limefunikwa na matawi yaliyoshonwa vizuri hivi kwamba ungeweza kupita mbele yake mara mia. Nikatambaa. Nilitokea nje nikiwa na majani kichwani, na nikawaona: Chiriku amekaa kwenye nyasi anakula peremende, na wifi amesimama, walinzi wawili huku na huku, na watu wamejaa wanatazama. Mmoja alikuwa ameinua simu anampiga picha. Wifi hakuwa amejaribu kukimbia. Gauni lilikuwa limechafuka magotini.

Nilimnyakua mtoto nikambana mpaka akalalamika.

"Huyu ni nani kwako?" mlinzi mkuu akamuuliza Chiriku. Alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, nilikuwa nimemwona msibani.

"Shangazi. Dada yake baba," Chiriku akasema. "Amenionyesha mlango wa baba. Baba alikuwa anatolea matawi hapo, kwa sababu ukiyavuta kwenye njia zote utachoka. Alimwambia shangazi, siyo sisi. Mama, mbona unalia?"

Mlinzi akamgeukia wifi polepole. "Ngoja. Wewe ndiye Jemadari?"

Wifi akaitikia kwa kichwa.

Yule mzee akavua kofia. Akaanza kucheka, na hakikuwa kicheko cha dharau. "Jamani, jamani. Mama Chiriku, marehemu mumeo, Jumapili saa nne, simu sikioni, anaizunguka bustani nzima peke yake anaongea. 'Sasa niko getini. Sasa nakata kushoto. Sasa naruka ubao wa tatu.' Miaka! Sisi tukajua mwenzetu ana kimada. Tukamuuliza, huyo unayemtembeza kwa simu ni nani? Akasema ni Jemadari. Tukasema basi, kimada mkali huyo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kila Jumapili alikuwa akiniambia anakwenda kufungua maji ya bustani. Miaka tisa. Nilihisi wivu, nasema kweli, wivu mchafu, kwa ajili ya dada yake wa tumbo moja. Halafu nikakumbuka kiapo changu. Jina lao lisitajwe ndani ya nyumba hii. Na kweli, ndani ya nyumba hakulitaja.

Mzee akawatawanya watu. Tukabaki watatu kwenye nyasi. Wifi akakaa, akanyoosha miguu kama mtu aliyefika.

"Ulizijua tiketi tangu asubuhi," akasema.

"Kabla ya pasi, mifuko."

"Aliniambia hilo. Mimi nikasahau." Akazitoa, akaziweka juu ya gauni, akazilaza kwa kiganja. "Mama alizikata mwenyewe. Akasema nisirudi mikono mitupu."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuja kumchukua, wifi. Sikufichi. Nilikuwa na nia hiyo hata nilipobisha hodi kwako."

Hasira ilipanda nikaikaba. Hasira hasara, na ya siku ile ilikuwa imeshanitia hasara ya kutosha. "Halafu?"

"Halafu jana jioni nikawaona mnakunja mashuka. Wewe ncha zako, yeye ncha zake. Mnayavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana. Hakuna aliyemwambia mwenzake afanye nini. Hata huyu alikuwa amenyamaza." Akamwonyesha Chiriku kwa kidevu. "Nikasema hawa mimi nitawatenganishaje? Leo nikavua saa."

Nilitoa jani moja lililonasa nywelini mwangu.

"Ile Jumapili ya mwisho," akaendelea, "alinifikisha darajani. Akasema, dada, leo nimechoka, kifua kinanibana, nyumba ya vioo na mzingile tutamalizia Jumapili ijayo. Alhamisi mkanipigia simu ya msiba." Akafuta pua kwa leso ileile aliyomkaushia mtoto. "Nilitaka nimalizie. Ndiyo maana nikauliza geti la magharibi. Safari zetu zote ziliishia hapo. Anasema, 'Haya, nimefika getini, nakata simu.'"

"Alikuwa akisema nini juu yangu?" Nilijaribu niulize kama mtu asiyejali.

"Kwamba ukikasirika unapiga pasi hata soksi."

Nilitaka kubisha. Nikakumbuka sanduku la soksi, jinsi lilivyopangwa wiki tatu nzima baada ya mazishi, zilivyonyooka kama bahasha.

"Mimi ndiye niliyewazuia wasije harusini," akasema. "Nilijuta mwezi wa pili tu. Aibu ikanikalia. Nikawa nakujua kwa simu, wewe hujui kwamba nakujua. Nisamehe."

"Nimekuita mwizi mbele ya watu," nikasema. "Nisamehe na mimi."

"Ni kweli nilikuja kuiba."

Chiriku alikuwa ameingia tena kwenye upenyo, anatoka, anaingia, anasimulia safari yake kwa sauti. Mzee wa filimbi alipopita, wifi akamuuliza saa. Saa kumi na dakika ishirini.

"Na mama mkwe?" nikauliza, maana furaha haikunitoa akili. "Akituma mwingine?"

"Atamtuma nani? Jemadari ni mimi." Lakini alisema kwa sauti ndogo. Kurudi bila mtoto ni neno, na neno linahitaji sababu ambayo mama mzee anaweza kuisimulia kwa majirani bila kuaibika.

Nyumbani alilivua gauni la kijani, lina matope magotini na majani kwenye pindo, akanikabidhi. Nililishika. Karatasi zililia ndani ya mfuko. Beseni lilikuwa tayari, maji ya moto, povu limejaa.

"Mama, mifuko," akasema Chiriku, ambaye sheria ile ameinyonya na maziwa.

Nikamtazama wifi. Akanitazama.

"Leo hapana," akasema yeye.

Nikalitumbukiza. Nikalikandamiza mpaka chini, nikalifikicha mfukoni, nikalifikicha tena, mpaka nikahisi zile karatasi zinageuka uji kati ya vidole vyangu. Miaka kumi na mmoja sijawahi kuloweka hata risiti ya mtu.

Usiku simu yake ikalia. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, na alijua nasikia. "Ndiyo, mama. Hapana, mama. Tiketi zimefuliwa. Zote, na gauni... Ndiyo, ni yeye aliyefua. Anafanya kazi kwa dobi, ndiyo, lakini si unamjua mke wa mwanao? Mzembe. Mzembe kabisa... Na mama, mtoto shule Jumatatu. Nimemwona. Ametulia. Huko kwetu nani atamweza, anaongea mpaka anasahau kula. Hapana. Nimesema mimi, mama. Hapana."

Mimi! Mzembe! Mimi ambaye bosi hunipa mashati ya maharusi bila kuyahesabu! Nilishika sufuria kwa mikono miwili nikauma midomo. Ukoo mzima ungelijua kesho, ungelisema misibani na harusini mpaka nizeeke. Nikaimeza aibu hiyo, nikaiona tamu.

Alirudi kwao Jumatatu, mtu mmoja, tiketi moja. Mimi si malaika. Nilimsindikiza mpaka stendi na nikasubiri mpaka basi lipinde kona, mkono wa Chiriku ndani ya wangu. Jumapili iliyofuata, saa nne kamili, simu ikalia.

"We mzembe," sauti ikasema. "Uko wapi?"

"Nyumbani. Napiga pasi."

"Soksi?"

Nikaziangalia mezani. "Soksi."

"Basi zima pasi. Vaa viatu."

Nikazima. Chiriku alikuwa ameshatangulia mlangoni, anauliza kama ataruhusiwa koki ya kulia. Nusu saa baadaye tulisimama mbele ya ule ubao wa ramani. Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sasa niko getini," nikamwambia. "Sasa nakata kushoto."